Kipanya Kimoja, Kazi Mbili

(Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni)



Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Usemi huo huwajia wazazi wengi pale kijana wa nyumbani anapoomba anunuliwe kipanya cha kompyuta cha kuchezea gemu. Mzazi huuliza: hiki tulicho nacho kina ubaya gani? Na hicho cha gemu kitafaa kwa hesabu za duka, kwa barua na kwa masomo, au ni pesa ya mchezo tu?

Swali hilo ni la haki. Katika nyumba nyingi za mjini kompyuta ni moja. Asubuhi mama anapigia hesabu za biashara, jioni binti anaandikia kazi za chuo, na usiku kijana anacheza. Mikono inabadilika, kipanya ni kilekile. Kikiwa kibovu, wote watatu wanataabika. Kikiwa ghali pasipo sababu, fedha iliyopotea ni ya wote watatu.

Kwa hiyo juma hili tutazungumza juu ya namna ya kupima kipanya cha aina hiyo. Na ili tusizungumze hewani, tutachukua kimoja kinachojulikana, yaani Logitech G305, tukipime hatua kwa hatua. Kampuni inayokitengeneza ilianzishwa Uswisi mwaka 1981. Kipanya chenyewe kilitoka mwaka 2018, kikatangazwa kwa bei ya dola 60 hivi za Kimarekani. Hatukukichagua ili tukisifu. Tumekichagua kwa sababu kimeandikwa cha gemu, lakini umbo lake ni la kawaida, hakina waya wala taa za kumeremeta, na mtu anaweza kukiweka juu ya meza ya ofisi bila mkubwa wake kukunja uso. Ni mfano mzuri wa kitu kinachodai kushika mbili.

Jicho lililo tumboni

Kwanza tukumbushane kipanya ni nini. Chanzo chake ni Marekani, katika miaka ya 1960. Mhandisi Douglas Engelbart na mwenzake Bill English walitengeneza kijisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini yake. Ukikisukuma juu ya meza, alama kwenye kioo cha kompyuta inakwenda. Tarehe 9 Desemba 1968 Engelbart alikionyesha hadharani mjini San Francisco. Waya wake ulikaa kama mkia, kikaitwa panya, na sisi tukaita kipanya. Waliopanda Hiace za abiria Dar es Salaam wanajua kuwa jina hilo lilipata kazi nyingine barabarani, lakini hayo si mazungumzo ya leo.

Baadaye magurudumu yakaachia nafasi mpira mdogo. Waliotumia kompyuta katika miaka ya 1990 wanaukumbuka vizuri: kishale kikianza kukwama, unakigeuza kipanya chali, unafungua tumbo, unautoa mpira na kukwangua uchafu kwa ukucha. Mwaka 1999 Microsoft ilileta sokoni kipanya chenye taa badala ya mpira, na katika miaka michache iliyofuata mpira ukaanza kutoweka.

Vipanya vya leo vina jicho. Kitaamu huitwa kihisi. Ni kamera ndogo sana inayoangalia meza kwa msaada wa mwanga mdogo, na inapiga picha maelfu kwa sekunde moja. Kila picha inalinganishwa na iliyotangulia. Vijichembe na mikwaruzo ya meza ikionekana imesogea upande huu, basi kipanya kimekwenda upande ule. Ndiyo maana kipanya hutaabika juu ya kioo kisafi au meza inayong'aa kama maji: jicho halioni alama ya kushika. Kabla hujakilaumu kipanya, weka chini yake kitambaa kigumu au jalada la daftari, ujaribu tena.

Tarakimu za kwenye boksi

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapotekwa. Kwenye boksi la kipanya cha gemu utaona tarakimu kubwa: 6,400, 12,000, 25,600. Chini yake pameandikwa DPI. Muuzaji atakwambia kubwa ndiyo bora. Hebu tuipige hesabu sisi wenyewe.

DPI ni idadi ya nukta ambazo kishale kinapita unapokisogeza kipanya inchi moja, yaani sentimita mbili na nusu. Kioo cha kompyuta kinachotumika sana kina nukta 1,920 kutoka kushoto hadi kulia. Ukiweka DPI 800, utasogeza mkono sentimita 6 ili kukivuka kioo chote. Ukiweka 1,600, ni sentimita 3. Sasa weka 12,000, ambayo ndiyo tarakimu iliyotangaziwa G305 ilipotoka. Kioo chote kinavukwa kwa milimita 4! Nani kati yetu anaweza kusimamisha mkono wake juu ya kisanduku kimoja cha hesabu, ikiwa upana wote wa kioo umeminywa ndani ya milimita 4? Hata kupumua tu kutakihamisha kishale.

Na wachezaji wenyewe je? Wengi wanaoshindania fedha katika michezo ya kulenga shabaha, kama Counter-Strike, huweka 400 au 800, na baadhi 1,600. Wanataka kusogeza mkono mrefu ili kulenga taratibu. Kwa hiyo bingwa anayelipwa kwa kucheza na karani wa ofisi wanakutana palepale, chini ya 2,000. Tarakimu kubwa ya kwenye boksi haimsaidii sana yeyote kati yao.

Kinachowasaidia wote wawili ni ukweli wa jicho. Jicho zuri, ukisogeza mkono haraka halipotezi njia, na ukisogeza polepole halirukiruki. Kuna vipanya vya bei ya chini ambavyo jicho lake hupima kidogo, kisha tarakimu inazidishwa ili boksi lipendeze. Ni sawa na picha ndogo iliyokuzwa: inaonekana kubwa, lakini nyuso hazieleweki. Katika jambo hili G305 inastahili sifa. Jicho lake ni zuri kuliko bei yake inavyoashiria, na kwa kazi kama kukata picha au kuchora ramani ya nyumba utaona tofauti.

Tarakimu ya pili ni mara ngapi kwa sekunde kipanya kinaiarifu kompyuta kilipo. Kipanya cha kawaida cha USB huarifu mara 125, yaani kila baada ya milisekunde 8. G305 inaweza kuarifu mara 1,000, yaani kila milisekunde moja. Je, mwandishi wa barua atahisi? La hasha. Kioo cha kawaida cha kompyuta hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 16 hadi 17. Taarifa nyingi zinafika kabla kioo hakijawa tayari kuzionyesha. Mchezaji mwenye kioo cha kasi, kinachobadilisha picha mara 144 au zaidi, na mchezo unaohitaji wepesi, atapata faida. Wengine tunalipia mbio ambazo macho yetu hayazioni.

Betri, uzito na mkono

Ndugu msikilizaji, tukitoka kwenye tarakimu za kujisifia, tunafika kwenye mambo yanayougusa mkono kila siku.

La kwanza ni nishati. Vipanya vingi visivyo na waya vina betri ya ndani ya kuchaji. G305 inatumia betri moja ndogo ya AA, kama ile ya saa ya ukutani. Mtengenezaji anasema inadumu saa 250 kikiarifu mara 1,000 kwa sekunde. Kwa mtu anayekishika saa nane kwa siku, hizo ni siku 31 za kazi. Ukikipunguza mbio hadi kile kiwango cha kawaida cha 125, anasema betri inaweza kufika miezi tisa. Kwa hiyo mwenye kazi za ofisi tu na apunguze, hatapoteza kitu.

Wapo wanaosema betri ya kubadilisha ni mambo ya kizamani. Kwa mazingira yetu sikubaliani nao sana. Betri ya AA inapatikana dukani kwa Mangi saa nne ya usiku, umeme uwepo usiwepo. Betri ya ndani ikishachoka baada ya miaka kadhaa, kuibadilisha ni kazi ya fundi mwenye mkono mwepesi, na mara nyingi kipanya kizima hutupwa. Tatizo la AA ni gharama ya kununua tena na tena. Dawa yake ni betri mbili za AA za kuchaji: moja kazini, moja akiba.

La pili ni uzito. G305 ikiwa na betri ina gramu 99. Betri ya kawaida peke yake ni gramu 23 hivi, na imekaa upande wa nyuma, kwa hiyo kipanya kinaelemea nyuma kidogo. Anayekinyanyua kila mara wakati wa mchezo atalihisi hilo. Ukiweka betri ya lithiamu, ambayo ina gramu 15 hivi, kinachangamka. Kwa anayekisukuma tu juu ya meza, uzito huo si kitu.

La tatu, nalo ndilo kubwa kuliko yote, ni umbo. Kipanya hiki ni kifupi, milimita 116 na ushee, na mgongo wake haujainuka sana. Watu hushika kipanya kwa njia tatu. Kuna anayelaza kiganja chote juu yake. Kuna anayekunja vidole kama kucha za mwewe, kiganja kikigusa nyuma tu. Na kuna anayekishika kwa ncha za vidole. Hawa wawili wa mwisho, na wenye mikono midogo au ya wastani, watakipenda. Mwenye kiganja kikubwa anayependa kukilaza atajikuta kiganja kinaburuta mezani, na baada ya saa chache atalalamika.

Hapa pana jambo la afya, wala si la anasa. Mkono unaominya kitu kidogo saa nane kwa siku, mwaka baada ya mwaka, huanza kuuma kwenye kifundo na kufa ganzi kwenye vidole. Wapiga chapa na makarani wa steshenari wanaujua ugonjwa huo. Kipanya peke yake hakiuleti wala hakiuponyi. Meza iliyo juu mno, kiti kilicho chini mno na kukosa mapumziko vina sehemu yao kubwa. Lakini kati ya vyote hivyo, kipanya ndicho unachoweza kukibadilisha leo. Na mwenye ganzi isiyoisha amwone daktari, asitafute dawa yake kwenye duka la vifaa vya kompyuta.

La nne ni vitufe. G305 ina vitufe sita: viwili vikuu, gurudumu linalobofyeka, kimoja nyuma ya gurudumu cha kubadilisha DPI, na viwili ubavuni kwa kidole gumba. Mchezaji huvipa vile vya ubavuni kazi ya kubadilisha silaha. Lakini mfanyakazi naye anafaidika: anaweza kuvipa kazi ya kunakili na kubandika, na mkono usirudi kwenye kibodi kila mara. Anayehamisha mamia ya majina kutoka orodha moja kwenda nyingine atashukuru kabla ya saa sita mchana. Kwa bahati mbaya vitufe hivyo viko upande wa kushoto tu. Ndugu zetu wanaotumia mkono wa kushoto wamesahaulika hapa, kama wanavyosahaulika kwenye mikasi.

Kuvipangia kazi hizo kunahitaji programu ya mtengenezaji, inayopakuliwa kwenye intaneti. Ofisi nyingi haziruhusu mtu kuingiza programu ovyo. Habari njema ni kwamba kipanya hiki kina kumbukumbu yake ndani. Unaweza kukipanga nyumbani, ukakipeleka ofisini kikiwa na mipango yake.

Na kuna mapungufu ya wazi. Hakina Bluetooth. Kinategemea kipokezi kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB la kawaida, na kompyuta ndogo zenye matundu membamba mapya tu zitahitaji kiunganishi. Anayetaka kipanya kimoja cha kurukia kutoka kompyuta hadi simu atafute kingine. Kipokezi kikipotea, mwili wa kipanya unabaki pambo, kwa hiyo unaposafiri kiweke kwenye nafasi yake ndani, karibu na betri. Aidha, mlio wa vitufe vyake ni mkali. Katika chumba ambamo mtoto amelala, utausikia.

Majaribio matano dukani

Sasa uko Kariakoo, au uko Luthuli Avenue kule Nairobi, na muuzaji amekushikisha boksi. Usinunue mbuzi kwenye gunia. Omba kompyuta, ufanye majaribio matano. Hayachukui dakika tano.

Kwanza, kishike bila kukisogeza, uhesabu hadi sitini. Kidole cha mwisho kinaning'inia? Kiganja kinaburuta? Mkono wako ukilalamika ndani ya dakika moja, hautanyamaza ndani ya mwaka.

Pili, kisukume polepole sana, kisha haraka sana, ukirudi palepale ulipoanzia. Kishale nacho kirudi karibu na kilipoanzia. Kikiwa kimeruka kona au kimetetemeka, jicho ni bovu au uso wa meza haufai. Badilisha meza kabla hujahukumu.

Tatu, bofya mara moja moja juu ya folda, ukipumzika kidogo kila mara, hadi mibofyo thelathini. Folda hufunguka kwa mibofyo miwili ya haraka. Ikifunguka hata mara moja, ujue kipanya kina ugonjwa wa kubofya mara mbili. Ndani ya kitufe mna kijibati kidogo kinachogusa na kuachia, na kikichakaa au kushika kutu, mguso mmoja husomeka kama miwili. Makampuni hutangaza vitufe vya mibofyo milioni 20 na zaidi. Tuseme unabofya mara 5,000 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hiyo ni milioni moja na nusu, na kitufe kingepaswa kudumu miaka 13. Jasho, vumbi na hewa ya pwani havijasoma tangazo hilo. Ugonjwa huu huweza kukipata kipanya cha kampuni yoyote, na kwa karani ni hatari kuliko kwa mchezaji, maana mchezaji atapoteza raundi, karani anaweza kutuma malipo yaleyale mara mbili.

Nne, shika faili, uliburute kutoka pembe moja ya kioo hadi nyingine bila kuachia. Likidondoka njiani, kirudishe kipanya kwa mwenyewe.

Tano, uliza waranti ya maandishi yenye jina la duka, mhuri na tarehe. Bandia ni nyingi, na nyingine zimefungwa kwenye boksi zuri kuliko halisi. Tazama maandishi yaliyokosewa, namba ya kifaa isiyofanana kati ya boksi na kipanya, na bei iliyoanguka mno. Muuzaji anayekataa kuandika risiti amekwisha kujibu swali lako.

Nyongeza kidogo kwa wenye vipanya visivyo na waya: kipokezi kikichomekwa nyuma ya kompyuta ya mezani, karibu na ukuta wa chuma, kishale huweza kukatakata. Tumia ule waya mfupi wa kurefusha, uliomo kwenye boksi la G305, ukisogeze kipokezi karibu na mkono. Wengi wamelaumu kipanya kizima kwa kosa la mahali.

Basi ushauri wetu ni upi? Mwenye mkono mdogo au wa wastani, anayefanya kazi mchana na kucheza usiku, na anayechukia waya, atafaidika na kipanya kama hiki. Mwenye kiganja kikubwa apite kando. Na anayeandika barua na kusoma habari tu hana haja nacho. Kipanya cha waya kilichotengenezwa vizuri, kisicho na betri wala kipokezi cha kupotea, kitamtosha, na chenji itabaki ya kununua kiti kizuri zaidi.

Tulianza na mshika mbili. Kwa kipanya, mbili hizo hazigombani kama tulivyodhani: mchezaji na karani wote wanataka jicho lisilodanganya, kitufe kisichorudia na umbo linaloukubali mkono. Kinachozidi hapo, nenda kakipime kwa mkono wako kabla ya kukilipia kwa mfuko wako. Na ikiwa nyumbani mko watatu, nendeni dukani wote watatu.

Hadi juma lijalo, ndugu msikilizaji, kwaheri.